Kumlilia Asiyekuwako

Yuko mtoto wa miaka tisa katika Shituru, mtaa ule wa mji wa Likasi uliokua kandokando ya kiwanda cha kusafishia shaba kilichoanza kazi mwaka 1929. Jina lake halihitajiki, kwa maana habari yake ni mfano, na watoto wa namna yake wako pia Kikula na Panda. Baba yake alikuwa akichimba madini kwa mikono, kwa sururu na koleo, kama wafanyavyo watu wengi wa Katanga. Siku moja udongo wa shimo ulibomoka ukamfunika. Juma lilelile mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shuleni, kwa kuwa pesa ya masomo ilikuwa haijalipwa.

Watu walikuja matangani, wakalia, wakaimba usiku kucha. Mtoto hakulia. Alikaa kizingitini akichezea kizibo cha chupa, akikivingirisha huku na huku. Wazee wengine walisema ana moyo wa kiume. Akina mama walinong'onezana kwamba moyo wake ni jiwe. Kisha baba yake mdogo akamchukua akae kwake, akamlisha, akamvika, akamlipia masomo. Alitenda vema, wala msomaji asimdharau kwa hayo yatakayofuata.

Miezi mitatu ikapita. Jioni moja watoto wa nyumba ile walikusanyika mbele ya televisheni kutazama Le Roi Lion, sinema ya katuni iliyotengenezwa Marekani mwaka 1994, ambayo watu wake wengine wamepewa majina ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Ilipofika mahali pale ambapo Mufasa, baba wa mwanasimba, anaangushwa na ndugu yake mwenyewe katikati ya nyumbu wanaokimbia, na mwanasimba anamsukuma kwa kichwa chake ili aamke, mtoto yule alianza kulia. Alilia kwa kwikwi, hata watoto wenzake wakaacha kutazama picha wakamtazama yeye.

Baba mdogo aliingia akaona. Akamwambia kwa uchungu, “Baba yako aliyekuzaa hukumtolea hata chozi moja. Leo wamlilia mnyama wa rangi na wino?”

Mtoto alijifuta uso kwa mkono wa shati, asijibu.

Neno la baba mdogo ni kali, walakini si la kipumbavu. Mtu mwenye akili kuliko wengi alikwisha kujishtaki kwa neno hilohilo. Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, aeleza katika kitabu chake cha Maungamo kwamba alipokuwa kijana shuleni alimlilia Dido, malkia wa Kartago katika utenzi wa Virgilio, aliyejiua kwa kuachwa na Enea. Dido alikuwa mtu wa hadithi. Wakati huohuo Augustino hakujililia nafsi yake mwenyewe, ingawa yeye alikuwa mtu wa kweli na hali yake ilikuwa mbaya. Miaka mingi baadaye alipokumbuka machozi yale aliona haya. Basi swali ni la zamani, nalo si swali la watoto peke yao: je, yampasa mtu kumpenda na kumlilia asiyekuwako?

Wako wanaojibu upesi kwamba mtoto amedanganyika; kwamba adhani simba yule yu hai mahali fulani. Jibu hili lilipendwa sana zamani. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, filamu walizoonyeshwa wenyeji wa Kongo zilipita kwanza mbele ya tume ya ukaguzi, na wakubwa wengi waliamini kwamba Mwafrika hajui kupambanua picha na jambo lenyewe. Watu walioketi mbele ya turubai jioni wangaliulizwa, wangalicheka. Huko ng'ambo ya mpaka, katika miji ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, wafanyakazi wa migodi katika miaka ya 1950 walimpenda sana yule mpanda farasi wa sinema za Marekani mwenye kofia pana na bastola. Walimwita Jack. Katika sinema hii aliitwa jina hili, katika sinema ile jina lile, naye alichezwa na watu mbalimbali. Kwao alibaki Jack. Mtu ampaye jina lake mwenyewe yule anayemwona katika picha hajadanganyika. Ajua kabisa kwamba huyo ni wake, wa kumfikiria.

Tena katika miaka hiyohiyo, Padre Alexandre Van den Heuvel wa shirika la Scheut alitengeneza katika Kongo katuni za Mboloko, yule paa mdogo wa msituni ambaye Waluba humwita kabuluku. Mboloko hakuletwa na meli kutoka Ulaya. Alikuwako zamani sana katika midomo ya mabibi, akiwashinda kwa akili wanyama wenye meno na nguvu. Na mwaka 1991 Mkongo Jean-Michel Kibushi alitoa katuni ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake, akiitoa katika hadithi ya Watetela. Babu zetu walimpenda mboloko miaka mingi bila televisheni, wala haikusikika kwamba mtu mzima aliyemcheka mboloko usiku katika hadithi alishindwa asubuhi kumtegea paa mtego.

Mtoto yule wa Shituru naye ajua. Ajua kwamba katuni ni picha zilizochorwa na watu, kwamba picha 24 hupita mbele ya macho kila sekunde moja, na kwamba hata moja katika hizo haitembei. Katika sinema ile ya dakika 88, picha zipitazo huzidi 120,000, na mwendo wote huonekana katika jicho la atazamaye. Hapo ndipo pa kutafuta jibu. Kama mwendo wa simba hukamilika ndani ya mtazamaji, huzuni yake nayo itatoka wapi?

Sura ya mtu wa kweli imejaa mambo yake mwenyewe. Ina kovu lake, ina hila zake na siri zake, nayo humwambia atazamaye: mimi ni mimi, si wewe. Sura ya kuchorwa ina mistari michache tu: macho mawili makubwa, nyusi, mdomo. Iko kama nyumba isiyo na vyombo, na kila aingiaye huweka vyombo vyake. Ndiyo sababu msichana wa Tanzania humwona Akili, yule mtoto wa katuni wa miaka minne akaaye chini ya mlima Kilimanjaro, akasema ni ndugu yake. Na mtoto wa Likasi aliyefiwa huwaona simba wawili, akaona kile ambacho wenzake walioketi naye mkeka mmoja hawakioni. Rangi na wino ni za Wamarekani. Kifo alichokilia kilitoka Shituru.

Yaani matangani hakuweza kulia, na hapa aliweza. Kwa nini? Huko watu wote walimtazama, wakingoja machozi yake kama watu wangojavyo deni lilipwe. Mbele ya simba wa picha hakuna aliyemdai. Wako watu wazima wa namna hiyo pia: mwanamume asiyetoa chozi kaburini kwa mkewe, kisha mwaka ukapita, wimbo mmoja ukapigwa katika nyumba ya jirani, akatoka nje kwa haraka akisingizia moshi.

Hata hivyo shtaka la Augustino halijafutwa. Aliongeza neno lingine, na hili ni zito kuliko la kwanza. Alipokuwa kijana katika Kartago alipenda michezo ya jukwaani, akastaajabia jambo moja: mtazamaji haitwi kumsaidia yule ateswaye jukwaani, huitwa kuhuzunika tu, na huzuni yenyewe humpendeza. Hapo pana hatari ya kweli, na haimo katika uongo wa picha. Anayependwa katika picha hadai kitu. Haumwi usiku wa manane, hakopi unga, harudii hadithi ileile mara kumi kama bibi mzee. Hawezi kukosewa, kwa hiyo ampendaye haombi msamaha kamwe. Kijana aweza kukaa mchana kutwa na simu mkononi, akiwajua watu wa katuni mmoja mmoja, nani alimsaliti nani, nani alijitoa kwa rafiki yake, akatokwa na machozi kwa ajili ya uaminifu wao. Na bibi yake aita mara tatu kutoka uani kwamba ndoo haina maji. Kijana huyo hana moyo mgumu. Moyo wake umezoea upendo usio na ndoo.

(Wauzaji nao wamelijua jambo hili. Begi la shule lenye sura ya mnyama wa katuni humliza mtoto sokoni, na mzazi hulipa, ingawa mishono ni ileile.)

Je, basi, aache? Afunge macho? Walioandika habari za Mfalme Daudi hawakudhani hivyo. Mfalme alikuwa amemtwaa mke wa Uria, na Uria akawekwa mahali pa kufia vitani. Nabii Natani alipokuja hakuanza na Uria. Alimsimulia habari ya maskini mmoja aliyekuwa na mwanakondoo mmoja tu, akimlea kama binti, akimlisha chakula chake mwenyewe. Na tajiri mwenye makundi mengi akamnyang'anya ili amchinjie mgeni. Mwanakondoo huyo hakuwako. Hakuna zizi lolote katika Yerusalemu ambamo angaliweza kuonekana. Walakini Daudi, ambaye kifo cha Uria, mtu wa nyama na damu, askari wake mwenyewe, hakikumkosesha usingizi, alimkasirikia tajiri yule hata akamhukumu afe. Ndipo nabii akamwonyesha kwamba tajiri ni yeye.

Yafaa kuangalia vema jinsi jambo lilivyokwenda. Mwanakondoo wa hadithi aliufikia moyo wa mfalme kwa njia ambayo Uria hakuipata, kwa kuwa upande wa Uria mlango ulikuwa umefungwa na kuwekewa ulinzi. Lakini hadithi peke yake isingalitosha. Kama Natani angalisimulia akaaga akaenda zake, Daudi angalibaki na hasira njema juu ya tajiri asiyekuwako, akalala akijiona mtu mwenye haki. Alihitajika mtu aliye hai, asimame pale mpaka mwisho, aseme neno la pili.

Kwa hiyo lawama katika nyumba ile ya Shituru haikugawanywa sawasawa. Mtoto alikuwa amefanya sehemu yake: alikuwa amelia. Baba mdogo aliyaona machozi akauliza kwa nini hayakutoka siku ile nyingine. Hakuuliza yametoka wapi leo. Aliyetakiwa kuwa Natani alichukua nafasi ya mshtaki, na mtoto akafunga tena mlango ambao simba wa kuchorwa alikuwa ameufungua kidogo.

Ni vigumu kumlaumu sana. Alikuwa amemzika kaka yake. Tena haipendezi mwanamume kurudi kwake jioni, akaona watoto wanamwangalia simba mwovu ambaye, katika picha, ni ndugu mdogo wa marehemu.

Juma lililofuata watoto waliomba kuitazama tena sinema ileile. Baba mdogo, ambaye desturi yake ilikuwa kukaa nje jioni na jirani zake, aliingiza kiti ndani akaketi nyuma yao. Hakusema sababu. Nyumbu walipoanza kushuka bondeni, umeme ukakatika, kama ukatikavyo mara nyingi. Wengine walipiga kelele wakakimbilia uani. Mtoto yule alibaki mahali pake gizani.

“Mwanangu,” baba mdogo akasema, “mimi sikuiona tangu mwanzo. Nisimulie. Yule simba mkubwa alikufaje?”

Mtoto alinyamaza kidogo. “Alikuja kumwokoa mtoto wake,” akasema. “Akafa. Na mtoto akakimbilia mbali, kwa sababu alidhani ni yeye aliyemwua baba yake.”

“Nani alimwambia hivyo?”

Katika sinema ni Scar, ndugu wa mfalme, anayemdanganya mwanasimba kwa neno hilo. Kila aliyeitazama ajua.

“Hakuna aliyemwambia, baba mdogo,” mtoto akajibu. “Alijua mwenyewe. Ni yeye aliyeomba pesa ya masomo.”

Baba mdogo aliinuka, akapapasa gizani mpaka akaupata mkono wa mtoto, akaketi sakafuni karibu naye.