Akuzikaye Ndiye Akushauri

Katika mkutano wa mwezi wa karibu kila chama cha kijamii, kuanzia vyama vya kufa na kuzikana vya Dar es Salaam hadi vyama vya akina mama vya Mombasa, katibu husoma mambo ya aina mbili. Kwanza husoma habari: fulani amefiwa na mama yake, fulani amejifungua salama, fulani amelazwa, fulani anamwoza binti yake mwisho wa mwezi. Kisha hufuata nasaha: wanachama wapime presha, wapunguze chumvi, waanze mapema kuweka akiba ya ada za shule, wasikope kwa ajili ya sherehe. Sehemu ya kwanza haina ubishi. Ya pili inazua swali zito: nani amekipa chama mamlaka ya kumwambia mtu mzima jinsi ya kuishi? Mtu alijiunga ili siku ya msiba asiwe peke yake. Hakujiunga ili apangiwe chakula na matumizi. Hoja yangu ni kwamba chama kina haki ya kushauri, na haki hiyo inatoka katika ile sehemu ya kwanza ya taarifa. Anayestahili kumshauri mwenzake ni yule aliyekubali kubeba sehemu ya mzigo wake, na ambaye ataendelea kuubeba hata ushauri wake ukikataliwa.

Tuvitazame vyama vyenyewe vinavyofanya kazi. Chama cha kufa na kuzikana huzaliwa na hesabu ya msiba. Watu wa mtaa mmoja, wengi wao wakiwa wameacha ukoo mbali, wanajua kwamba siku ikifika itahitajika sanda au jeneza, turubai na viti, sufuria za kupikia waombolezaji, gari la kusafirisha maiti, na mikono ya kuchimba kaburi. Ni kaya chache zinazoweza kuyatimiza hayo yote kwa siku moja. Kwa hiyo wanaandika katiba, wanachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wanapanga ada. VIKOBA navyo, ambavyo mfumo wao wa kuweka na kukopa una asili yake Niger, mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, huwa na mfuko wa jamii unaotengwa kwa maradhi na misiba. Hata vikundi vya mazoezi vinavyokimbia barabarani alfajiri ya Jumapili kwa fulana za sare mara nyingi vina daftari la michango ya wanaofiwa. Katika vyama vya namna hii, habari ina uzito ambao habari ya gazetini haina. Ukisoma gazetini kwamba mtu amefiwa, unaweza kufunga ukurasa ukaendelea na shughuli zako. Ukisomewa na katibu wako, tayari una deni: utoe kitu, uende, ukeshe.

Nasaha inazaliwa papo hapo penye deni hilo. Watu wanaoshika majembe makaburini mara kwa mara kwa ajili ya wenzao walioanguka ghafla lazima wafike mahali waulizane kama kulikuwa na la kufanya mapema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu wazima bilioni moja wana shinikizo la juu la damu, na kwamba karibu nusu yao hawajui, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote. Shirika hilohilo linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai. Maelezo haya yamebandikwa kwenye kuta za zahanati nyingi, na bado hayawafikii wengi kwa namna ya kuwagusa. Bango linazijua gramu lakini halimjui mtu. Halijui kwamba fulani amekuwa akilalamika kichwa tangu afiwe, wala kwamba nauli ya kliniki ndiyo inayomzuia. Mwanachama mwenzake anajua yote mawili, na nauli anaweza kuichangia.

Kuna ushahidi kwamba ukaribu wa namna hii si mapambo ya maisha. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 148 zilizohusisha watu 308,849, wakakuta kwamba wenye mahusiano imara ya kijamii walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai, kwa takriban asilimia 50, kuliko wenye mahusiano dhaifu. Msomaji makini atauliza kama si kinyume chake, kwamba wenye afya ndio wanaopata marafiki na wagonjwa ndio wanaoachwa. Ni swali la haki, na haliwezi kuzimwa kabisa kwa tafiti za kufuatilia watu. Hata hivyo watafiti hao waliangalia pia hali ya afya ya watu mwanzoni mwa tafiti, na uhusiano huo haukupotea. Kwa hiyo anayesema kwamba chama kibaki na kazi ya kuzika na kiwaachie madaktari mambo ya uzima anachora mpaka ambao maisha yenyewe hayaujui.

Dini zetu mbili kubwa zimeliona jambo hili kwa undani, na zote zimeweka mpangilio ambao wapenda kushauri huusahau. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya anataja haki nane za udugu. Ya kwanza ni mali: umpe ndugu yako katika ulicho nacho. Ya pili ni kumsaidia kwa nafsi yako, kwa miguu na mikono. Ya tatu ni ulimi unyamaze kuhusu aibu zake. Ndipo inakuja ya nne, ulimi useme, na ndani yake mna nasaha, ambayo anataka itolewe faraghani, kwa kuwa nasaha mbele za watu hugeuka fedheha. Mfuko kwanza, mikono pili, kunyamaza tatu, na maneno baadaye. Mtume Paulo naye, katika sura ya 6 ya waraka kwa Wagalatia, anawataka waumini wamrejeze kwa upole aliyeteleza, na papo hapo anawaamuru wachukuliane mizigo; mistari michache mbele anakumbusha kwamba kila mtu ana mzigo wake mwenyewe. Kusahihisha na kubeba vimefungwa pamoja, na mipaka imewekwa. Hekima ya wahenga imefika hapohapo kwa njia fupi: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wapenda uhuru, na mtetezi wao mashuhuri ni John Stuart Mill. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, Mill alishikilia kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa sababu tu ya manufaa yake mwenyewe. Inaweza kumzuia pale tu anapowadhuru wengine. Wengi hulisikia neno hilo wakadhani Mill aliamuru tuachane, kila mtu na lake. Hakusema hivyo. Alikubali waziwazi kwamba tunaweza kumhoji mtu, kumpa sababu, kumshawishi, hata kumsihi, na aliwakanusha waliodhani fundisho lake ni la kutojali. Anachokataza ni kulazimisha. Kwa hiyo pingamizi la uhuru, likisomwa vizuri, haliibomoi nasaha ya chama. Linatuachia swali gumu zaidi: ushauri wa kundi unageuka lini kuwa amri?

Swali hilo lina historia katika pwani yetu. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza jinsi vyama vya ngoma ya lelemama vilivyowapa wanawake uongozi, heshima na msaada wa kushikana mikono katika harusi na misiba. Vyama hivyohivyo viliweza kumwimba mwanamke aliyeonekana kuvunja maadili, mpaka mji mzima ukajua. Vyama vya ngoma ya beni, alivyoviandikia kitabu Terence Ranger mwaka 1975, navyo vilisaidiana, huku mashindano yao yakisukuma watu kutumia mali kwa fahari. Leo shinikizo hilo halijatoweka. Chama kinachomhimiza mwanachama aweke akiba kinaweza wiki hiyohiyo kumtaka ashone sare ya tatu ya harusi kwa mwaka mmoja, na akishindwa jina lake lizungumzwe. Mbaya zaidi, kile nilichosema kinakipa chama haki ya kushauri ndicho pia kinachokipa nguvu ya kuonea. Anayeshika mfuko wa maziko yako anaweza kukutisha kwa maziko yako. Mtu atapunguza chumvi, ataacha sigara, atabadili hata marafiki, kwa hofu kwamba siku yake ikifika turubai halitafungwa.

Hapa ndipo sharti langu la pili linapohitajika. Msaada hauna budi kutolewa bila kutazama kama ushauri ulifuatwa. Chama kimzike aliyekataa kupima presha kama kinavyomzika aliyepima. Kimchangie aliyelazwa kwa maradhi ya ini bila kumuuliza alikunywa nini. Msaada ukifungwa kwenye utii, nasaha inakuwa bei, na anayelipa bei hajashauriwa. Msaada ukiwa huru, anayeshauriwa anaweza kusikiliza bila hofu, maana anajua hakuna atakachopoteza akisema hapana. Na anayesikiliza bila hofu ndiye pekee anayeweza kuukubali ushauri kwa akili yake.

Mweka hazina atapinga, na ana haki ya kusikilizwa. Atasema: kama sisi ndio tunaolipa, kwa nini tusidai? Mtu anayejiharibia afya makusudi anaumaliza mfuko wa wenzake waliojitunza. Huo ni udhuru wa Mill mwenyewe, kwa kuwa sasa anawadhuru wengine. Hoja hii ina nguvu, lakini inasahau kwa nini mfuko ulianzishwa. Watu waliungana kwa sababu hakuna ajuaye zamu yake, na kwa sababu kila mmoja ana udhaifu ambao wengine wataulipia. Leo ni mvutaji, kesho ni mwendesha bodaboda asiyevaa helmeti, keshokutwa ni mama aliyekataa kupumzika akazidiwa. Tukianza kupima nani alistahili msiba wake, hatabaki wa kuzikwa. Katiba ina haki ya kudai yale yanayoulinda mfuko moja kwa moja: ada kwa wakati, faini kwa mchelewaji, ukweli katika taarifa, marejesho ya mkopo. Mwenendo wa mtu nyumbani kwake unaachwa kwenye uwanja wa kusihi.

Pingamizi la mwisho linahusu ujuzi. Wanachama si madaktari wala wataalamu wa fedha, na upendo bila elimu unaweza kuua. Katika makundi ya WhatsApp ya vyama vingi huzunguka dawa za mizizi zinazodaiwa kuponya sukari, na wako wanaoacha vidonge kwa neno la rafiki wanayemwamini. Nalikubali pingamizi hili kwa sehemu kubwa, na nadhani linatufundisha aina ya ushauri unaokifaa chama. Kazi ya chama ni kumfikisha mtu kwa anayejua: kumkumbusha siku ya kliniki, kumsindikiza, kumwalika muuguzi aje na kipimo mkutanoni, kumuuliza baadaye kama anameza dawa. Haya hayahitaji shahada, yanahitaji ukaribu. Kutaja dozi au kumwachisha mtu tiba ni kuvuka mpaka. Tena ujuzi na ukaribu ni vitu viwili tofauti, na mgonjwa anavihitaji vyote. Daktari anajua ugonjwa na humwona mgonjwa kwa dakika chache. Jirani haujui ugonjwa lakini humwona kila siku.

Kutokana na haya yote, chama kinachotaka kushauri kwa haki kina mambo machache ya kutekeleza, na yote yanaanza kabla ya ushauri wenyewe. Kihakikishe kwamba habari zake ni kamili, kwamba mjane wa mwisho wa mtaa anajulikana hali yake sawa na tajiri wa chama, kwa kuwa hakuna haki ya kumshauri mtu ambaye hujui alilala na nini. Kiombe ruhusa ya mgonjwa kabla ya kutangaza ugonjwa wake, maana habari ya mwili wa mtu ni mali yake. Nasaha ya jumla isomwe mkutanoni, na ya mtu binafsi ipelekwe nyumbani kwake na mmoja anayempenda. Chama kijishauri chenyewe kabla ya wanachama, kipunguze sare na michango inayowaingiza watu kwenye madeni. Na katiba iseme kwa maandishi kwamba msaada wa msiba na maradhi hautanyimwa mtu kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake. Kifungu hicho kimoja kitafanya zaidi ya hotuba kumi za afya, kwa kuwa wanachama watajua kwamba wanaowasemesha tayari wamejifunga kuwabeba, liwe liwalo. Maneno ya watu wa namna hiyo yanastahili kusikilizwa, na asiyekubali kujifunga hivyo atoe mchango wake na anyamaze kwanza.