Nyumba ni Amana

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini si kila mtu hupata fursa ya kuujenga. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Unguja lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, ilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, ikaanguka sehemu kubwa zaidi, na watu wawili wakafariki.

Katika nyumba zetu za mawe na chokaa, maji yakipenya darini boriti huoza kimya kimya. Na si pwani tu: huko Nyansurura, mkoani Mara, ukuta wa udongo usipokandikwa upya mvua huumomonyoa.

Mafakihi wamefundisha kwamba mapato ya wakfu yatumike kwanza kuutengeneza wakfu wenyewe, ndipo wenye haki wagawiwe. Hukumu hiyo ni somo kwa kila mwenye nyumba. Apokeaye kodi kila mwezi huku paa linavuja, anakula haki ya mpangaji na ya warithi wake.

Basi kabla ya masika tupande juu tukatazame. Atakayeangukiwa na dari huenda asiwe mimi wala wewe, bali mtoto aliyelala chini yake.