Kusahau kwa Wazee ni Maradhi, si Pepo Wala Uchawi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu katika udhaifu, kisha akampa nguvu, kisha akamrejesha katika udhaifu na mvi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, tumeulizwa mara nyingi darasani khabari ya wazee wanaopotewa na akili. Mzee husali rakaa nne, kisha akainuka kuongeza ya tano na ya sita. Mama aliyepika maisha yake yote husimama jikoni asijue la kutia chunguni. Huficha bangili zake mwenyewe, kisha akamtuhumu mkaza mwana kuwa amemwibia. Hutoka usiku wa manane kuitafuta nyumba ya babake iliyokwisha bomolewa zamani. Watu wakiona hayo husema, "Ana pepo," au "Amerogwa," au "Analipwa madhambi yake." Maneno yote matatu ni batili, na madhara yake ni makubwa.

Haya ni maradhi yanayojulikana. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza madaktari wenziwe khabari za mwanamke aliyeanza kusahau naye umri wake ni kiasi cha miaka 50. Alipokufa, daktari aliutazama ubongo wake kwa hadubini, akaona umesinyaa, na ndani yake mna takataka zilizogandamana na nyuzi zilizosokotana. Mwaka 1910 maradhi hayo yakapewa jina lake. Takataka hizo na nyuzi hizo huziharibu chembe za ubongo kidogo kidogo, na mara nyingi huanza pale panapohifadhiwa mambo mapya. Ndiyo sababu mzee akamkumbuka mwalimu wake wa chuoni wa miaka 60 iliyopita, na asikumbuke kuwa sasa hivi amekwisha kula. Basi asidhaniwe kuwa anajifanya.

Shirika la Afya Duniani limehesabu kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa na maradhi ya kupotewa na akili, na haya ya Alzheimer ndiyo yaliyo mengi, kiasi cha 60 mpaka 70 katika kila 100. Wapo Ujapani, wapo Ulaya na Marekani. Je, mapepo ya pwani yetu ndiyo yaliyovuka bahari yakawaingia na hao?

Walakini kwetu mgonjwa hupelekwa kwanza kwa mganga. Hupigiwa ramli, akafukizwa, akavishwa hirizi, na fedha zikaliwa. Nasi twajua alivyotuonya Mtume (s.a.w.) kuwa anayemwendea mpiga ramli kumwuliza, hakubaliwi sala zake siku 40. Na baya zaidi ni kuwa ramli haina budi kumtaja mtu: leo atatajwa mkaza mwana, kesho jirani, keshokutwa mzee mwenyewe ataitwa mchawi kwa kuwa husema peke yake na hupotea njia. Katika Kilifi wamekwisha uawa wazee kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma ilikuwako tamaa ya shamba. Damu hiyo ataulizwa nani?

Hatusemi kuwa mgonjwa asisomewe Kurani wala asiombewe dua. Hiyo ni kheri. Lakini Mtume ametuamrisha pia tujitibu. Mpelekeni mzee kwa daktari mapema, kwa kuwa si kila kusahau ni Alzheimer. Kuna kusahau kunakotokana na maradhi ya tezi ya shingoni, au upungufu wa vitamini, au huzuni nyingi, au dawa zilizochanganyika, au damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka. Na hayo huweza kutibika. Ama Alzheimer yenyewe, mpaka leo haijapatikana dawa ya kuiondoa, illa zipo za kupunguza dalili, na nyingine za kuchelewesha kidogo ikiwa mapema.

Ama kusema kuwa ni adhabu, someni Suratun-Nahl na Suratul-Hajj. Mwenyezi Mungu ametaja humo kuwa wako wanaorudishwa kwenye umri dhalili, wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Ametaja hayo kuwa ni dalili ya uweza wake, wala hakusema kuwa ni malipo ya dhambi. Na asiye na akili ameondolewa kalamu: hana dhambi kwa sala iliyompita wala kwa neno baya lililomtoka. Akiwa na akili yake wakati mwingine, basi na asali kwa kadiri awezavyo, na akumbushwe kwa upole. Akizidisha rakaa msikitini, asichekwe.

Hapa pana jambo zito. Wako watoto wanaomshika mzee kidole gumba wakakitia wino, wakakibandika kwenye karatasi ya nyumba, naye hajui hata leo ni siku gani. Twasema wazi: mauzo ya asiye na akili hayasihi, hiba yake haisihi, na talaka yake haipiti. Mali iliyochukuliwa hivyo ni dhuluma kwake akiwa hai, na kwa warithi wenzenu akifa. Mwendeeni kadhi na watu wa sheria, awekwe mwangalizi mwaminifu, na kila senti iandikwe.

Na kazi ya kulea isiachiwe binti mmoja aliyebaki nyumbani, huku ndugu zake wa kiume wakituma fedha kutoka Ghuba wakaona wamekwisha tekeleza wajibu. Wekeni zamu, naye apate kulala. Msibishane na mgonjwa. Akimwita marehemu mkewe, mwongozeni kwenye mazungumzo mengine. Chakula na kuoga viwe na wakati wake ule ule. Ondoeni visu na moto karibu naye, wacheni taa njia ya chooni, na mtieni mfukoni karatasi yenye jina lake na nambari ya simu ya jamaa.

Tumekatazwa kuwaguna wazazi wetu wakizeeka mbele yetu. Amri hiyo haikuwekewa sharti kuwa mzazi awe anatukumbuka. Yeye amesahau jina lako. Wewe hukusahau nani alikubeba ulipokuwa hujui jina lako mwenyewe.

Ewe Mola wetu, tukinge na umri dhalili, wahurumie wazee wetu, na utupe subira ya kuwatumikia. Amin.