Sehemu ya Mtoto Chunguni

Hakuna mama asiyempenda mtoto wake. Lakini kupenda bila kujua, je, kwatosha?

Mtoto akitimiza miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Wengi humwongezea uji wa muhogo tu, wakisema maharagi ni chakula cha wakubwa. Tumbo lashiba, lakini mwili wabaki na njaa. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, huko Gold Coast (leo Ghana), aliandika habari za watoto waliovimba miguu kwa kulishwa karibu mahindi matupu. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa ziwa na mdogo wake.

Wengine hukosea upande wa pili: humpa mtoto punje nzima ya karanga, ikamkaba koo, au maharagi mekundu yasiyoiva, nayo yana sumu.

Basi fanya hivi. Loweka maharagi usiku kucha, mwaga maji yale. Tia maji mapya, yatokote kwa nguvu nusu saa, kisha yapike mpaka yalainike kabisa. Moto mdogo tangu mwanzo hauondoi sumu. Toa maganda, ponda sana, changanya na uji, bila chumvi. Anza na kijiko kimoja, mwangalie siku mbili tatu. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali. Wala usimwachishe ziwa; aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Mtu atasema: «Sikujua, sina kosa.» Kweli, asiyeweza kujua hana kosa. Lakini aliyeweza kuuliza, akaona uvivu kuuliza, atajiteteaje?

Nawe baba, usidhani maneno haya ni ya wanawake tu. Maharagi yataka kuni nyingi, maji mengi na saa nyingi. Ukimwachia mkeo mzigo wote, atazima moto kabla ya wakati, na kosa si lake peke yake. Tena kuna nyumba ambamo baba hula maharagi, mtoto akapewa mchuzi. Mchuzi ule una nguvu kidogo tu. Chakula chenyewe kimebaki katika punje.

Mkubwa akipunjwa hulalamika. Mtoto mchanga hajui kudai haki yake. Basi leo jioni, kabla hujanyosha mkono, uliza kwanza: «Sehemu ya mtoto imekwisha kutolewa?»