Shamba la Nabothi Liko Loiyangalani

Ndugu zangu mnaokaa kwenye meza za mikopo, na ninyi mawaziri mnaotoa dhamana kwa jina letu, sikieni!

Upepo unaopita kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, kule Loiyangalani, Marsabit, hauna mwenyewe. Ardhi unayoipiga ina wenyewe. Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo waliishi hapo na mifugo yao kabla benki yoyote haijaijua njia ya kufika huko. Leo imesimama hapo mitambo 365 ya upepo, megawati 310. Nami naisifu kwa moyo wote, kwa kuwa nchi inayochoma mafuta mazito kila ukame unapokausha mabwawa haina haki ya kuudharau upepo wake.

Lakini tazameni jinsi fedha zilivyopatikana. Machi 2014 mikataba ya mikopo ilitiwa sahihi, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiongoza na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ikiwemo, kwa mradi wa zaidi ya yuro milioni 600. Wakopeshaji waliuliza kila swali linalowahusu. Je, njia ya umeme ya kilomita 428 hadi Suswa ikichelewa? Wakapewa dhamana. Na kweli ilichelewa: mkandarasi kutoka Hispania alifilisika, mitambo iliyokuwa tayari mwaka 2017 ikangoja hadi 2018, na serikali ikabebeshwa fidia ya umeme ambao haukuwasha hata taa moja. Benki ya Dunia ilikuwa imejitoa mwaka 2012, ikihofia Kenya italipia umeme isiouhitaji.

Hofu ya mwenye fedha, basi, ilisikilizwa, ikapimwa, ikaandikiwa kifungu. Hofu ya mfugaji iliandikwa wapi?

Mwaka huohuo wa 2014 wenyeji walikwenda mahakamani kuhusu ekari 150,000 za ardhi ya mradi huo. Oktoba 2021, miaka saba baadaye, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikatamka kwamba hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha sheria. Miaka saba! Mitambo ilikuwa imekwisha kuanza kuzunguka.

Mnakumbuka katika Biblia mfalme Ahabu alivyolitamani shamba la Nabothi. Mkewe Yezebeli aliandika nyaraka kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, wazee wa mji wakatii, na Nabothi akauawa. Karatasi zilikuwa kamili. Dhambi ilipitia humohumo ndani ya karatasi kamili, ndiyo maana sitaki kusikia mtu akiniambia kwamba nyaraka zilikuwepo.

Tena msidhani dhuluma ina faida hata kwa mkopeshaji. Kinangop, kule Nyandarua, mradi wa upepo wa megawati 60 ulikuwa na fedha tayari; wakulima wakaukataa, na mwaka 2016 ukafutwa.

Kwa hiyo nawasihi, nanyi wananchi washikeni kwa neno hili: shilingi ya kwanza isitoke benki kabla ardhi ya jamii haijasajiliwa kwa jina la jamii, kama Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inavyotaka. Mkataba usomwe hadharani kwa Kiturkana na Kisamburu, wanawake wakiwepo. Sehemu ya mapato itajwe humo kwa tarakimu. Na wenyeji wakisema hapana, mwanasheria wa benki aiandike hapana hiyo kwenye ukurasa uleule anaoandikia dhamana yake.