Kibaya Chajitembeza kwa Raba

Wahenga waliposema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, hawakujua kwamba siku moja atatokea mtu wa kulipwa mshahara na nauli ili kibaya kipate miguu ya kutembelea. Mtu huyo ni mimi. Cheo changu kwa Kiingereza kinasikika vizuri kwenye harusi. Kwa Kiswahili ni mwandishi wa matangazo. Kwa baba yangu, aliyefundisha hesabu maisha yake yote, mimi ni "yule anayeandika-andika mjini." Nina miaka 27, na mitano kati ya hiyo nimeitumia kutafuta maneno sita ambayo mteja atasema ni mengi mno.

Nataka kuisimulia kazi hii kwa raba, tena raba za basketi. Sababu moja ni ya kipuuzi: kwenye ofisi za matangazo za Dar es Salaam watu husoma miguu yako kabla ya wasifu wako. Nyingine ndiyo inayoninyima usingizi. Sijui bidhaa nyingine inayouliza swali langu waziwazi kama raba. Ukinunua kiatu, ngozi umeilipia kiasi gani, na maneno umeyalipia kiasi gani? Na kama maneno ndiyo yaliyobeba bei, aliyeyaandika anadaiwa nini?

Usaili wa kwanza nilikwenda na All Star nyeusi, mtumba wa Karume, shilingi 8,000 baada ya mabishano marefu. Ile nembo ya duara kwenye kifundo ina saini ya Chuck Taylor, na watu wengi hudhani alikuwa nyota mkubwa wa kikapu. Wapi! Alikuwa mchezaji wa kawaida tu. Ukubwa wake ulikuwa kwenye mauzo. Kampuni ya Converse ilianza mwaka 1908, kiatu chenyewe kikatoka 1917, na Taylor akaajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kazi yake ilikuwa kuzunguka Marekani kwa gari, mji kwa mji, akiwafundisha vijana kikapu kwenye kumbi za shule, halafu akimaliza anawaelekeza duka lenye raba. Miaka ya 1930 jina lake likawekwa kwenye kiatu na halijatoka mpaka leo. Yaani jina maarufu kuliko yote kwenye historia ya raba ni jina la mpiga debe.

Nawapenda wapiga debe, na nasema hivi kama mwenzao. Nenda stendi yoyote ya daladala saa moja usiku, utamsikia: "Bado mmoja! Bado mmoja tu, tunaondoka!" Unapanda, unakuta siti kumi na moja hazina watu na dereva hata hajulikani aliko. Je, huyu kasema uongo? Kwa kipimo cha baba yangu, mmoja na kumi na moja ni namba mbili tofauti, kesi imekwisha. Mimi sikubali. Daladala ina madirisha. Ukitaka kujua nafasi zilizobaki, unageuza shingo na kuhesabu. "Bado mmoja" ni wimbo wa stendi. Haubebi taarifa yoyote, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuamini kwamba anakosa yeye tu duniani. Kwa hiyo kipimo changu ni hicho, wala sikukipata chuo: dirisha liko wazi? Anayesikia anaweza kuchungulia ndani mwenyewe?

Mshahara wa kwanza nilinunua Air Force 1 nyeupe. Kiatu hiki kilitoka mwaka 1982, kimebuniwa na Bruce Kilgore, na ndicho kiatu cha kwanza cha kikapu cha Nike kuwekwa ule mfuko wa hewa kwenye soli. Kukivaa Dar es Salaam mwezi Aprili, mvua za masika zikiwa zimegeuza njia za Tandale kuwa uji, ni ujasiri ambao sijauona kwa wanajeshi. Nilikuwa na mswaki wa meno na mswaki wa raba, na kwenye nyumba ya kupanga yenye bafu moja hiyo ni siri ya kulindwa sana. Kazini wakati huo niliandika meseji za promosheni. Herufi 160, pamoja na nafasi, pamoja na "vigezo na masharti kuzingatiwa." Niwaambie ndugu zangu washairi: mnalalamikia mizani nane kwa nane, hamjawahi kuambiwa na mteja kwamba vina vimekaa vizuri ila ondoa neno "bure."

Sasa tuje kwenye Jordan, maana huko ndiko kuna mtihani.

Michael Jordan alisaini na Nike mwaka 1984, na Air Jordan ya kwanza ikaingia madukani 1985 kwa dola 65. Tangazo lake lilikuwa rahisi kabisa. Kamera inamteremka Jordan taratibu kutoka usoni kwenda miguuni, sauti inasema kwamba kampuni imetengeneza kiatu kipya cha ajabu na NBA imekitoa mchezoni, na vibao vyeusi vinagonga juu ya miguu yake kama vile polisi wameficha kitu. Kisha inamalizia kwamba, kwa bahati nzuri, hao NBA hawawezi kukuzuia wewe. Kila kijana wa Marekani akasikia jambo moja tu: hiki ni kiatu kilichokatazwa.

Ni kweli kwamba NBA iliandika barua Februari 1985 kuhusu raba nyekundu na nyeusi za Jordan, kwa sababu wakati ule kulikuwa na sheria ya rangi. Lakini wafuatiliaji wengi wa historia ya raba wanakubaliana kwamba raba zilizoleta zogo zilikuwa mtindo mwingine wa Nike, uitwao Air Ship. Air Jordan yenyewe ilikuwa bado njiani. Katazo lilikuwa la kiatu kimoja, mauzo yakawa ya kiatu kingine. Kama mwandishi nasimama na kupiga makofi. Ni sentensi chache, na zimebeba biashara ya miaka arobaini. Kama mtoto wa mwalimu wa hesabu nakaa tena.

Immanuel Kant, ambaye hakuwa mtu wa kuchekea uongo, alitoa darasani mfano ambao kila ofisi ya matangazo ingeubandika ukutani kama ingemsoma. Mtu anafunga mizigo yake mbele ya watu. Hasemi neno. Watu wanahitimisha kwamba anasafiri, na ndicho alichotaka wahitimishe. Kant anaona huyu hajadanganya, kwa sababu hakutoa kauli yoyote, wamejidanganya wenyewe. Mimi namheshimu Mzee Kant, ila naona hapo aliwaza mtu mmoja na sanduku lake. Hakuwaza mtu anayelipwa kila mwisho wa mwezi kufunga mizigo mbele ya umati, akiwa na watafiti wa kumwambia umati huo huwa unahitimisha nini. Dirisha la daladala hapa limepakwa rangi nyeusi, na kwa ile raba, rangi hiyo nyeusi ndiyo iliyokuwa tangazo.

Utasema, kijana, ni raba tu. Nani ameumia? Mwaka 1989 huko Maryland, mvulana wa miaka 15 alinyongwa kwa ajili ya Air Jordan alizozipata majuma mawili tu kabla. Mwaka uliofuata jarida la Sports Illustrated liliweka suala la vijana kuuana kwa raba kwenye jalada lake. Simlaumu aliyeandika tangazo kwa mauaji. Muuaji ni muuaji. Ila sikubali pia kauli tunayopenda kuitoa kazini, kwamba sisi tunaandika tu. Kama maneno yetu hayana nguvu, tunalipwa kwa nini? Na kama yana nguvu ya kumfanya mtu atoe dola 65, mbona siku ya lawama nguvu hiyo inapotea ghafla?

Hata ile kaulimbiu ya Just Do It, ambayo sisi wa fani hii tunaitaja kama watu wanaotaja aya, ina kivuli. Dan Wieden, aliyeiandika mwaka 1988, alieleza mwenyewe kwamba aliichukua kutoka kwa Gary Gilmore, muuaji aliyepigwa risasi kwa hukumu ya serikali huko Utah mwaka 1977. Kabla ya risasi Gilmore aliwaambia kitu kama "haya, tufanye." Wieden akabadilisha neno la kwanza. Norman Mailer alitumia zaidi ya kurasa elfu kwa Gilmore huyohuyo na akapata Pulitzer. Wieden alitumia maneno matatu na akapata dunia. Nani kati yao ni mwandishi zaidi, sina haraka ya kujibu.

Mimi Jordan yangu nilinunua Kariakoo, nyekundu na nyeusi, feki ya kueleweka, ambayo ukiikanyagia maji inalia kama bata. Nilikuwa nimeivaa siku tuliyoletewa kazi ya programu ya mikopo ya simu. Mteja alitaka mstari mmoja: pesa kwenye simu yako ndani ya dakika tano. Na ni kweli, tulijaribu, dakika nne na nusu. Pia ilikuwa kweli kwamba ukiomba 100,000 inaingia 80,000, na baada ya siku 14 unadaiwa 120,000. Niliandika mstari wenye vyote viwili, dakika na deni. Bosi akausoma mara mbili, akavua miwani. "Dogo, umeandika tangazo au hukumu?"

Nikamwambia, bosi, dakika tano hazina tatizo, tatizo ni siku kumi na nne.

"Hizo zipo kwenye vigezo na masharti."

Kazi akapewa mwenzangu wa meza ya pili, na mstari ulitoka bila deni. Nipo bado pale, kodi ya nyumba haisubiri falsafa. Wiki mbili baadaye mama ntilie wetu wa chini ya jengo, aliyekuwa ananihudumia wali maharage, akaniuliza.

"Mwanangu, wewe si unafanya kazi huko juu? Lile tangazo la dakika tano ni la kweli?"

Nikasema, "Mama, ni la kweli." Kisha nikachukua kalamu, nikamwandikia zile namba tatu nyuma ya risiti, 100,000, 80,000, 120,000, na siku chini yake. Aliiangalia karatasi muda mrefu akiwa ameshika upawa. "Mbona hii hawakuitangaza?" akauliza. Tangazo langu refu kuliko yote na lenye msomaji mmoja.

Juzi nilikuwa Karume tena. Kwenye rundo nikakuta Starbury, raba ya Stephon Marbury, kijana wa Coney Island aliyekuwa akiichezea New York Knicks. Mwaka 2006 alitoa raba yenye jina lake kwa dola 14.98 ili hata wazazi wasio na kitu wawanunulie watoto, na yeye mwenyewe aliivaa uwanjani, kwenye mechi za NBA. Duka lililoziuza lilifilisika miaka miwili baadaye. Muuzaji alikuwa ameshaniambia 15,000, akaniuliza, "Kwani hii kampuni gani, broo?" Nikamsimulia yote, taratibu, kwa mapenzi, kama ninavyowasimulia ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaitenga na rundo.

"Kumbe ina historia," akasema. "Basi lete 30,000."