Neema ya Mungu na Hiari Yetu

Mara nyingi tumesikia mtu akionywa juu ya ulevi naye akijibu, "Mungu hajanipa neema ya kuacha." Maneno hayo yaonekana ya unyenyekevu, kumbe yamtwika Mungu lawama. Tena yuko mwenzake aliyekwisha kuacha, ajisifuye kwamba aliacha kwa nguvu zake mwenyewe.

Jambo hili ni la kale. Mnamo mwaka 1128 hivi, Mtakatifu Bernard, mkuu wa monasteri ya Clairvaux huko Ufaransa, aliandika kitabu kidogo juu yake. Aeleza mwanzoni kwamba siku moja alikuwa akiisifu neema iliyomtangulia na kumsaidia, ndipo mtu akamwuliza: basi wewe wafanya nini, na wangojea thawabu gani, ikiwa yote ni kazi ya Mungu? Ni swali la haki, na wengi wetu twalificha moyoni.

Sisi tungependa kugawa: Mungu nusu na sisi nusu, kama watu walioshirikiana duka. Bernard aikataa hesabu hiyo. Asema kazi yote ni ya neema, na yote pia ni ya hiari: yafanyika yote ndani ya hiari, nayo yatoka yote katika neema. Mungu ndiye aokoaye, hiari ndiyo iokolewayo. Mnyama hawezi kupokea wokovu kwa kuwa hana hiari ya kukubali. Kutaka ni kwa hiari. Kutaka mema ni kwa neema.

Basi yule mlevi, ikiwa asubuhi moja alitamani kwa kweli kuacha, neema ilikuwa imekwisha kufika mlangoni. Na yule mwenye kujisifu tumwulize, tamaa ile ya kwanza aliitoa wapi?

Kabla ya Bernard, Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyefariki mwaka 1109, alitoa mfano ambao mkulima ataupenda zaidi. Ardhi huotesha magugu bila kulimwa, lakini mazao ya kutulisha yataka mbegu na mlimaji. Ndivyo ulivyo moyo. Wala mbegu za kwanza hakuna mlimaji aliyezifanya. Zilitoka kwa Mungu.

Nasi Waanglikana tumelisali jambo hilo hilo. Sala ya Siku ya Pasaka, katika Kitabu cha Sala cha 1662, yakiri kwamba neema hututangulia na kutia haja njema mioyoni mwetu. Kisha yaomba msaada wa kuzitimiza.